Haidrojeni ya unga: kutoa rahisi, kurudisha kazi

Kwa zaidi ya miaka 80 wanakemia wamejua kuwa kuna unga mweupe ambao ukikutana na maji na chembe za metali hutoa gesi ya kutosha kuendesha gari. Chembe hizo leo ni ndogo na kali kuliko zamani. Mbona basi gari lenyewe halionekani barabarani?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Chicago, Profesa Hermann Schlesinger na msaidizi wake kijana, Herbert Brown, walibaki na unga mweupe usio na mteja. Waliutengeneza walipokuwa wakisaka misombo ya urani inayogeuka mvuke upesi, kazi iliyohusiana na juhudi za Marekani za kuunda bomu la atomiki. Kabla hawajafika mbali wakaambiwa kuwa njia nyingine imepatikana, na misombo yao haitakiwi tena.

Unga ule uliokolewa na shida ya watu wengine. Kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani kilitaka namna ya kuzalisha haidrojeni hukohuko uwanja wa vita, bila kuburuta mitungi mizito ya chuma. Schlesinger na Brown wakaona kuwa unga wao, sodiamu borohaidraidi, huenda ukafaa. Haidraidi, yaani misombo ya haidrojeni na elementi nyingine, nyingi walizozifahamu zilikuwa kali mbele ya maji, kwa hiyo walipoutia majini walitarajia ufoke. Haukufoka. Uliyeyuka, ukatoa vipovu vichache, ukatulia.

Ikabidi watafute cha kuuamsha. Walijaribu chumvi za metali mbalimbali, na chumvi ya kobalti ikatia fora: maji yaligeuka meusi na gesi ikatoka kwa kasi. Weusi ule ulikuwa chembe ndogo sana za kobalti na boroni zilizojiunda zenyewe ndani ya maji. Kwa lugha ya leo, wale mabwana walikuwa wametengeneza kichocheo cha nano miaka mingi kabla ya maabara za dunia kuanza kuzungumza hivyo.

Matokeo yao hayakuchapishwa hadi 1953, vita vikiwa vimekwisha zamani. Brown mwenyewe aliingia katika boroni kwa sababu ya ufukara. Alipohitimu shahada ya kwanza mwaka 1936, mchumba wake, Sarah Baylen, alimzawadia kitabu cha Mjerumani Alfred Stock kuhusu haidraidi za boroni na silikoni. Alikichagua kwa kuwa ndicho kitabu cha kemia kilichokuwa cha bei ya chini kabisa dukani, dola 2.06. Mwaka 1979 Brown alipokea Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Georg Wittig wa Ujerumani.

Tangu siku ile maji yalipogeuka meusi, watafiti wamekuwa na maswali mawili mikononi. La kwanza ni namna ya kuitoa gesi haraka, kwa kiasi unachotaka na wakati unaoutaka. La pili ni namna ya kuyarudisha mabaki yawe mafuta tena. Swali la kwanza limejibiwa kwa ustadi mkubwa. Kukwama kukubwa kumetokana na la pili.

Gesi nyepesi, mzigo mzito

Haidrojeni ni mafuta yenye sifa nzuri kwenye mizani. Kilo moja hubeba nishati ya takriban kilowati-saa 33, karibu mara tatu ya kilo ya petroli. Ikiingia kwenye seli ya fueli inakutana na oksijeni ya hewani, inatoa umeme, na kinachotoka kwenye bomba la moshi ni maji.

Tabu yake ni nafasi. Kilo hiyohiyo, ikiachwa katika hali ya kawaida, hujaza zaidi ya lita 11,000. Ndiyo maana gari la Toyota Mirai, lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2014, hubeba kilo 5 hivi tu za haidrojeni, zikiwa zimeshindiliwa ndani ya matangi ya nyuzi za kaboni kwa mgandamizo unaokaribia mara 700 ya ule wa hewa tunayovuta. Njia nyingine ni kuipoza hadi iwe kimiminika, nayo inadai nyuzi 253 za Selsiasi chini ya sifuri.

Haidraidi za kikemia huiondoa tabu hiyo kwa kuifungia haidrojeni ndani ya molekuli za kitu kigumu. Sodiamu borohaidraidi ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Gramu moja ya unga huo, ikimenyuka yote na maji, hutoa karibu lita 2.4 za gesi. Tena nusu ya haidrojeni hiyo haitoki kwenye unga, hutoka kwenye maji yenyewe. Ukiupima unga pamoja na maji unayohitaji kumenyuka nayo, haidrojeni ni asilimia 10.8 ya uzito wote. Ndugu yake, amonia borani, ana haidrojeni asilimia 19.6 ya uzito wake, kiwango ambacho vitu vigumu vichache vinakifikia.

Ukitia alkali kidogo, mmumunyo wa borohaidraidi hukaa kwenye tangi la kawaida muda mrefu bila kupoteza gesi nyingi. Hauhitaji mgandamizo wala baridi kali. Unapoupitisha kwa pampu juu ya kichocheo, gesi inatoka, na ukizima pampu, gesi inakoma. Kichocheo ndicho swichi ya mtambo mzima, na hapo ndipo metali za chembe ndogo zinapoingia.

Udogo unavyofanya kazi

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chukua mchemraba wa metali wenye upande wa sentimita 1. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6 tu. Ukikatwa wote uwe vijichemraba vya nanomita 1 kila upande, uzito haubadiliki, lakini eneo la nje linafika mita za mraba 6,000, yaani karibu ekari moja na nusu.

Kichocheo hufanya kazi kwa uso wake. Atomu iliyozikwa katikati ya metali haikutani na mafuta wala maji, ipo tu. Katika kipande cha kushika mkononi, karibu atomu zote ziko katika hali hiyo. Katika kichane cha atomu 55, atomu 42 ziko nje. Katika kichane cha atomu 13, kumi na mbili ziko nje na moja tu ndiyo imezingirwa. Kwa metali ambayo bei yake huhesabiwa kwa gramu, huko ni kubana matumizi kwa kiwango ambacho mhasibu yeyote atakipenda. Zaidi ya hayo, atomu zilizo kwenye pembe na kingo zina majirani wachache, na kwa hiyo huwa na mshiko tofauti kwa molekuli zinazopita.

Juu ya uso huo mambo huenda hivi. Ioni ya borohaidraidi inatua juu ya metali na kifungo kati ya boroni na haidrojeni kinalegea. Molekuli ya maji nayo inatua jirani na kuachia haidrojeni yake. Haidrojeni ya upande wa boroni ina chaji hasi na ile ya maji ina chaji chanya, zinashikana na kuondoka pamoja kama gesi. Watafiti wakitumia maji mazito, yaani yale yenye haidrojeni ya aina ya deuteriamu, mmenyuko hupungua mwendo waziwazi. Dalili hiyo imewafanya wengi waamini kuwa hatua inayochelewesha kazi ni kule kuvunjika kwa kifungo cha maji, wala si kile cha boroni.

Chembe za nano zina kasoro moja kubwa: hazipendi kubaki ndogo. Zikiachwa majini hushikamana, zinakuwa mabonge, na eneo lote lile la ziada linapotea. Kuzizuia kumekuwa fani yenyewe. Wengine huzivika nyuzi za polima, wengine huzibandika juu ya kaboni, silika au grafini. Kila kinga ina gharama, kwa kuwa vazi linalozuia chembe zisigusane ndilo pia linaloziba sehemu ya uso ambao maji na mafuta yalipaswa kuufikia. Anayebuni kichocheo hushinda akipima kiasi cha kufunika na kiasi cha kuacha wazi.

Kutoka Ankara hadi Japani

Kati ya watu waliolivalia njuga jambo hili ni Profesa Saim Özkar na wanafunzi wake wa Middle East Technical University, mjini Ankara. Uturuki ina sababu yake. Zaidi ya asilimia 70 ya akiba ya boroni inayojulikana duniani iko kwenye ardhi yake, katika migodi ya Kırka, Emet na Bigadiç inayosimamiwa na shirika la umma la Eti Maden. Boroni hiyo kwa sehemu kubwa huishia kwenye vioo, sabuni na vigae. Ikiwa siku moja itabeba nishati, Uturuki itakuwa na neno la kusema sokoni.

Kikundi cha Özkar kilichukua zeolaiti, madini yenye vijumba vya asili vyenye upana wa nanomita moja na kitu, kikazikuza chembe za ruteniamu humohumo ndani. Kuta za vijumba zinazizuia chembe zisishikamane, na milango yake inaruhusu mafuta na maji kupita. Mwaka 2009 yeye na Mehmet Zahmakıran waliripoti kuwa kila atomu ya ruteniamu ilitoa zaidi ya molekuli 100,000 za haidrojeni kutoka kwenye borohaidraidi kabla ya kuchoka. Tafsiri yake kwa mizani ni hii: gramu 101 za ruteniamu zingetosha kuzalisha zaidi ya kilo 200 za haidrojeni, sawa na kujaza matangi ya Mirai karibu mara 40.

Huko Japani, Qiang Xu na Manish Chandra walionyesha mwaka 2006 kuwa amonia borani, ambayo huyeyuka majini na kukaa kimya, huachia haidrojeni yake kwenye joto la chumba mara inapoguswa na platinamu. Miaka miwili baadaye kikundi cha Xu kilifanya jambo lililowashangaza wengi: kilipata mwendo unaokaribia ule wa platinamu kwa kutumia chembe za chuma, chuma hikihiki cha misumari na mabati. Siri ilikuwa kuziunda chembe hizo ndani ya mmumunyo wenyewe, zikiwa bado changa na hazijapanga atomu zake vizuri.

Kuanzia hapo mbio zilielekea upande wa metali za kawaida, yaani chuma, kobalti, nikeli na shaba, zikiwa peke yake au zimechanganywa. Kuna wanaochanganya nikeli na platinamu kidogo ili kuvunja haidrazini, kibebaji kingine cha haidrojeni, bila kuzalisha amonia. Kuna wanaofunika kiini cha metali moja kwa gamba la nyingine, ili ile ya bei ikae nje inakohitajika na ile rahisi ijaze katikati. Metali kama kobalti na nikeli zina faida nyingine ya nyongeza: zinavutwa na sumaku. Kazi ikiisha, mtafiti huweka sumaku kando ya chupa, chembe hukusanyika upande mmoja, maji humwagwa, na kichocheo hutumika tena.

Katanga ndani ya hadithi

Bei ndiyo iliyowasukuma watafiti kuziacha metali adimu. Platinamu, rodiamu na ruteniamu ya dunia hutoka kwa sehemu kubwa kwenye migodi ya Afrika Kusini, na bei zake hupanda na kushuka kama homa. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilivuka dola 20,000. Hakuna kiwanda kinachoweza kupanga maisha yake juu ya metali ya aina hiyo.

Kobalti nayo ina kwao. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, katika ukanda wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mgodini, sokoni na nyumbani. Ukanda huohuo wa Katanga ndiko uliko mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la Marekani, ule mradi uliosababisha unga wa Schlesinger uzaliwe. Kwa hiyo madini ya watu wa Katanga yamo ndani ya hadithi hii tangu sura ya kwanza, ingawa majina yao hayamo.

Tanzania nayo ina nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, ambayo imezungumziwa kwa miaka mingi kama mojawapo ya akiba nzuri zisizochimbwa.

Msomaji anaweza kudhani kuwa hapa ndipo habari njema inapoanza: metali zetu, mafuta ya kesho. Hesabu inasema vingine. Uzuri wa chembe za nano ni kutumia metali kidogo kadiri inavyowezekana, na kadiri mwanasayansi anavyofaulu ndivyo mchimbaji anavyouza kidogo. Betri moja ya gari yenye kobalti hubeba kilo kadhaa za metali hiyo, lakini kichocheo cha mtambo wa haidrojeni kinaweza kuishia kwenye gramu. Wakati serikali ya Congo iliposimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025, na baadaye mwaka huohuo kuugeuza kuwa mgawo, waliotetemeka walikuwa watengenezaji wa betri. Maabara za haidrojeni hazikuwa na mzigo bandarini.

Gari lililotembea, kisha likasimama

Mwaka 2001 kampuni ya Chrysler ilionyesha gari la familia liitwalo Natrium. Chini yake kulikuwa na tangi la mmumunyo wa borohaidraidi, kichocheo kilichotengenezwa na kampuni ya Millennium Cell ya New Jersey, na seli ya fueli. Lilikadiriwa kwenda karibu kilometa 480 kwa tangi moja, bila kubana nafasi ya abiria wala mizigo, na bila kubeba mtungi wa gesi iliyogandamizwa. Mafuta yenyewe, yakimwagika, hayawaki kama petroli.

Kwa miaka michache ilionekana kuwa mambo yamenyooka. Kisha Novemba 2007 Wizara ya Nishati ya Marekani, baada ya kupokea tathmini ya jopo huru, ikatangaza kuwa haitaendelea na utafiti wa sodiamu borohaidraidi kama tangi la haidrojeni ndani ya magari. Mwaka uliofuata Millennium Cell ikafunga kazi.

Kichocheo hakikuwa na hatia. Hitilafu ya kwanza ilikuwa maji. Kwenye karatasi unga huu una asilimia 10.8 ya haidrojeni, lakini hesabu hiyo inadhani kila tone la maji linamenyuka. Ukweli ni kuwa mabaki, yaitwayo sodiamu metaborati, huyeyuka kwa shida kuliko unga wenyewe. Ukitaka yasigande na kuziba mabomba na kufunika kichocheo, kwenye joto la kawaida huwezi kutia zaidi ya gramu 16 hivi za borohaidraidi kwa kila gramu 100 za maji. Kwa mchanganyiko huo haidrojeni inashuka chini ya asilimia 3 ya uzito wote. Gari linajikuta likibeba maji kuliko mafuta.

Amonia borani nayo ina kisirani chake. Kando ya haidrojeni hutoka amonia kidogo, na amonia huidhuru seli ya fueli hata ikiwa kwa kiasi kidogo, kwa hiyo gesi lazima ichujwe kwanza.

Hesabu ya kurudi

Hitilafu ya pili ndiyo nzito. Petroli ikishaungua imekwenda. Mafuta haya yana tabia ya soda ya chupa: ukishakunywa, chupa tupu ina thamani na lazima irudi kiwandani ijazwe upya. Chupa tupu hapa ni borati. Ikitupwa, kila safari itakula boroni mpya kutoka mgodini. Ikirudishwa, mtu fulani lazima alipie nishati ya kuigeuza.

Njia ya viwandani ya kutengeneza borohaidraidi ni ileile waliyoianzisha Brown na Schlesinger. Sodiamu huunganishwa na haidrojeni, kisha zao lake humenyushwa na msombo wa boroni kwenye joto la zaidi ya nyuzi 250. Kila molekuli moja ya borohaidraidi inakula atomu nne za sodiamu, na sodiamu hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye chumvi iliyoyeyushwa kwa moto.

Tupige hesabu. Ili kupata kilo moja ya haidrojeni kwa njia hii unahitaji zaidi ya kilo 11 za sodiamu. Kuitengeneza kilo moja ya sodiamu hula takriban kilowati-saa 10 za umeme. Kwa hiyo kabla hujagusa boroni wala kulipia joto la kiwanda, umeshatumia kilowati-saa zipatazo 114 kupata mafuta yenye kilowati-saa 33. Seli ya fueli itakurudishia karibu nusu ya hizo 33. Kwa kulinganisha, kuyapasua maji kwa umeme moja kwa moja hula kilowati-saa 50 hadi 55 kwa kilo ileile ya haidrojeni.

Hakuna kichocheo cha ruteniamu, kobalti wala cha dhahabu kinachoweza kubadilisha hesabu hiyo. Kichocheo huharakisha mmenyuko unaoteremka mlima. Hakilipi gharama ya kupanda. Hata kikitoa gesi mara mbili ya kasi ya jana, zile kilowati-saa 114 zinabaki palepale.

Hili ni jambo ambalo limejificha ndani ya maelfu ya makala za kisayansi zilizochapishwa kuhusu vichocheo hivi. Makala nyingi hujivunia kasi: molekuli ngapi kwa dakika kwa kila atomu ya metali. Ni kipimo cha haki na kinaonyesha kazi nzuri. Ila kinapima mlango wa kutokea pekee. Utafiti wa mlango wa kuingilia umekuwa na watu wachache, na sababu inaeleweka. Kutoa gesi ni jaribio la dakika chache, lenye mchoro mzuri wa kuchapisha. Kurudisha borati ni kazi ya joto, vumbi na hasara.

Wapo wanaoifanya hata hivyo. Katika South China University of Technology, mjini Guangzhou, watafiti wamekuwa wakisaga borati pamoja na magnesiamu ndani ya vinu vya mipira ya chuma, bila tanuri, na kuipata borohaidraidi tena. Katika baadhi ya majaribio haidrojeni iliyorudi kwenye unga ilitoka kwenye maji yaliyoshikwa na borati yenyewe, bila kununuliwa gesi ya nje. Magnesiamu nayo inadai umeme kuitengeneza, kwa hiyo gharama haijafutika, ila njia ni fupi kuliko ile ya sodiamu.

Pa kuanzia

Mafuta yenye gharama ya namna hii hayawezi kushindana na petroli kwenye kituo cha Ubungo wala Thika Road. Yana nafasi pale ambapo wepesi, usalama au ukimya una thamani kuliko bei ya kilowati-saa: ndege zisizo na rubani zinazotakiwa kukaa angani muda mrefu kuliko betri inavyoruhusu, vifaa vya askari na waokoaji, mitambo ya dharura inayokaa stoo miaka bila kuharibika. Bandari ya Amsterdam imekuwa na mradi wa chombo kiitwacho Neo Orbis, kilichobuniwa kutumia sodiamu borohaidraidi. Chombo cha bandarini ni mteja anayefaa, kwa kuwa kila siku hurudi gatini palepale, na borati inaweza kushushwa pale unapopakiwa unga mpya. Suala la chupa tupu linakuwa la kuta nne.

Kwa Afrika Mashariki, ambako haidrojeni imeanza kuingia kwenye mipango ya serikali, hadithi hii ina mafunzo ya vitendo. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, na imeweka mbolea mbele ya magari. Huo ni uamuzi wa busara, kwa maana haidrojeni ya mbolea hutumika palepale inapozalishwa na haihitaji kufichwa ndani ya kitu chochote. Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Congo ina Mto Congo na maporomoko ya Inga. Umeme wa maji wa bei nafuu ndio unaoweza kupunguza makali ya hesabu ya kurudisha, kuliko kobalti yote ya Kolwezi.

Upande wa maabara, uwanja huu hauhitaji utajiri kuuingia. Chembe za kobalti huundwa ndani ya chupa ya kioo kwa chumvi ya kobalti na borohaidraidi yenyewe, na gesi hupimwa kwa kuiacha isukume maji ndani ya silinda yenye alama. Kifaa cha gharama ni hadubini ya elektroni, na hicho vyuo kadhaa vinaweza kukichangia. Kinachohitaji tahadhari ni mikono na mifereji: chumvi za kobalti ni sumu, na mmumunyo wa borohaidraidi una alkali ya kuunguza ngozi.

Mwanafunzi wa kemia wa Dodoma, Nairobi au Lubumbashi anayetafuta mada anaweza kutengeneza kichocheo cha elfu moja na moja, kikashinda kile cha jana kwa sekunde chache, na akapata shahada yake kwa haki. Lakini upungufu uko kwingine. Atakayepata njia ya kuigeuza borati kuwa borohaidraidi kwa kilowati-saa 60 badala ya 114 atakuwa amefanya zaidi kwa mafuta haya kuliko kizazi kizima cha chembe za ruteniamu. Na serikali itakayoletewa mradi wa haidrojeni ya unga, ukiwa na picha za kupendeza za vipovu, haihitaji mtaalamu wa nano kuupima. Iulize mabaki yanakwenda wapi, yanarudishwa na kiwanda gani, na umeme wake analipa nani. Asiye na majibu ya maswali hayo matatu anauza soda bila kuwa na kiwanda cha kujazia chupa.